Masafa ya Redio: Je, Hewa Nayo Ina Mwenyewe?



Siku moja tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama na vijana. Walikuwa wamechanga pesa karibu mwaka mzima ili wawe na redio yao ya kijiji. Walitaka itangaze bei ya mahindi, siku ya chanjo ya ng'ombe, matanga na harambee, na yote kwa lugha ya mama. Hilo ni jambo jema kabisa. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amewaambia ana mtambo mdogo wa FM. Walete pesa tu, yeye ataufunga juu ya mti, na kesho yake waanze kuongea.

Tuliwauliza, "Na masafa mmepewa na nani?" Mweka hazina akatutazama, akasema, "Kwani hewa nayo ina mwenyewe?"

Swali lake ni zuri, na vikundi vingi vinaweza kuliuliza. Wacha tulijibu polepole.

MASAFA NI KITU GANI?

Tupa jiwe ndani ya dimbwi. Utaona mawimbi yakitoka pale katikati na kwenda ukingoni. Mtambo wa redio nao hutupa mawimbi hewani, ila hatuyaoni wala hatuyasikii mpaka redio iyanase. Hesabu ya mawimbi yanayotoka kwa sekunde moja ndiyo huitwa masafa. Stesheni ikisema iko 100 FM, maana yake ni megahazi 100, yaani mawimbi milioni 100 kila sekunde. Wimbi moja hapo lina urefu wa karibu mita 3.

Masafa ya chini, kama yale ya AM, yana mawimbi marefu. Hayo hufuata ardhi na kufika mbali. FM huenda kama mwanga wa tochi. Kilima kikiingia katikati, upande wa pili redio haishiki vizuri. Ndiyo sababu mitambo ya FM hujengwa vilimani.

KWA NINI YAGAWANYWE?

Mtakumbuka kanisa la Korintho. Watu walikuwa wakisimama na kusema wote kwa wakati mmoja, mpaka Paulo akawaandikia wapeane nafasi, mmoja mmoja. Hewani ni vivyo hivyo. Mitambo miwili ya jirani ikitumia masafa mamoja, msikilizaji hapati huyu wala yule. Anapata mkwaruzo tu.

Fikirini pia mifereji ya Wamarakwet inayoshuka kutoka milimani mpaka Bonde la Kerio. Tangu zamani kila ukoo una zamu yake ya maji, na wazee ndio huamua. Bila zamu, wa juu angemaliza maji na wa chini angekufa njaa. Tofauti ni moja tu. Maji yakinywewa huisha, lakini masafa hayaishi. Ukizima mtambo wako leo, mwingine anaweza kuyatumia leo hii. Kinachoharibika ni utaratibu.

Basi kila kazi ina shamba lake hewani:

- Megahazi 87.5 hadi 108 ni redio za FM.
- Megahazi 108 hadi 137 ni za ndege. Sehemu ya chini ni ya vyombo vinavyomwongoza rubani, na kuanzia 118 ni ya rubani kuongea na waongozaji walioko chini.
- Karibu na megahazi 900 na 1800 kuna simu za mkononi.
- Karibu na megahazi 2400 kuna Wi-Fi. Hapa vifaa vya nguvu ndogo hutumika bila kila mtu kuomba masafa yake.

Tazameni vizuri mistari miwili ya kwanza. Shamba la FM limepakana na la ndege, bila hata ua katikati. Mtambo wa bei rahisi usiopimwa unaweza kutupa mawimbi nje ya mpaka wake. Nyinyi mnatangaza bei ya mahindi, kumbe rubani aliyebeba watu anasikia kelele wakati anaotaka kutua. Hapo si mambo ya leseni tu tena, ni maisha ya watu.

NANI ANAYEGAWA?

Mawimbi hayajui mpaka wa nchi, kwa hivyo mataifa hukubaliana kwanza. Kazi hii husimamiwa na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa lililoko Geneva. Lilianza mwaka 1865, wakati wa simu za maandishi za waya. Kila baada ya miaka michache nchi zote hukutana kurekebisha mgawanyo.

Hapa Kenya, sheria ya mwaka 1998 iliunda tume iliyoanza kazi mwaka 1999. Siku hizi inaitwa Mamlaka ya Mawasiliano. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Masafa ni mali ya wananchi, na Mamlaka ndiyo imeshika daftari.

Mgawanyo hubadilika pia. Mwaka 2015 Kenya ilizima mitambo ya zamani ya televisheni na kuhamia dijitali. Nafasi iliyokuwa inabeba stesheni moja sasa hubeba nyingi, na masafa yaliyobaki yakapatikana kwa intaneti ya simu.

JE, WANYONGE WANAWEZA KUPATA?

Ndiyo. Mwaka 1982 redio ya jamii ilifunguliwa Homa Bay kwa msaada wa UNESCO. Serikali iliifunga mwaka 1984, na watu wakakaa miaka mingi bila nyingine. Baadaye njia ilifunguka. Mwaka 2004 vikundi vya akina mama wa Nthongoni, huko Makueni, walianza Mang'elete FM. Hawa ni akina mama wa vikundi kama nyinyi. Tena tangu mwaka 2021 Mamlaka ina utaratibu wa leseni kwa jamii zinazotaka kujijengea mtandao wao wa intaneti.

MFANYE NINI?

1. Jiandikisheni kwanza, na muwe na katiba, akaunti ya benki na viongozi wanaojulikana.
2. Iandikieni Mamlaka kabla ya kununua hata waya. Ulizeni kama kuna masafa ya FM yaliyo wazi pande zenu. Mijini nafasi ni chache sana.
3. Nunueni mtambo uliokubaliwa na Mamlaka. Mwuzaji akisema leseni si lazima, mwageni.
4. Pigeni hesabu ya kila mwaka: ada, stima, ukarabati, na chai ya watangazaji.
5. Redio ya jamii si ya faida wala si ya mwanasiasa. Andikeni hivyo kwenye katiba.
6. Msifunge ovyo vifaa vya kuongeza nguvu ya simu. Kimoja tu kinaweza kuharibu simu za kijiji kizima. Mkikosa netiweki, lalamikeni kwa kampuni yenu ya simu kwa barua.

Kutangaza bila leseni ni kosa la jinai. Mitambo hutwaliwa, na jasho la mwaka mzima linaenda hivyo.

Kile kikundi kilimrudisha fundi mjini. Pesa yao iko benki na barua wamepeleka. Jibu bado. Kwa sasa wanaomba dakika chache kila wiki katika stesheni iliyo karibu, na vijana wao wanajifunza kutayarisha vipindi. Mweka hazina alituambia, "Afadhali kungoja na pesa kuliko kukimbia bila pesa."

YA KUJADILI KIKUNDINI

- Kijiji chetu kinahitaji redio, au kuna njia nyingine ya kupashana habari?
- Nani atalipa gharama mwaka wa pili na wa tatu?
- Tukipewa masafa, tutahakikisha vipi kwamba wanyonge nao wanapata zamu ya kusema?