Kusoma Kiebrania cha Kale: Konsonanti, Irabu na Hati

Kiebrania cha kale ni lugha ya Kisemiti, ndugu ya Kiaramu, Kifoinike, Kiakadi na Kiarabu. Karibu Biblia yote ya Kiebrania, ambayo Wakristo huiita Agano la Kale, iliandikwa kwa lugha hiyo. Sehemu chache tu, hasa karibu nusu ya kitabu cha Danieli na baadhi ya sura za Ezra, ni za Kiaramu. Nje ya Biblia yamebaki maandishi machache, lakini yana thamani kubwa. Maandishi ya handaki la Siloamu mjini Yerusalemu, yaliyogunduliwa mwaka 1880, yanaeleza jinsi wachimbaji walioanzia pande mbili walivyokutana katikati ya mwamba. Barua za Lakishi ziliandikwa kwa wino juu ya vigae. Magombo mawili madogo ya fedha kutoka Ketef Hinnom, ya yapata mwaka 600 KK, yana maneno ya baraka yaliyo karibu sana na yale ya kitabu cha Hesabu.

Mwanafunzi wa lugha hii ana kazi mbili zisizotengana: kuijua sarufi, na kujua maandishi yamemfikia kwa njia gani. Ukurasa mmoja wa Biblia ya Kiebrania iliyochapishwa leo umebeba kazi ya vizazi vingi. Konsonanti ndizo za zamani zaidi, irabu ziliongezwa karne nyingi baadaye, na tanbihi za pembeni na za chini zina historia yake. Kusoma vizuri ni kuzitambua tabaka hizo na kuipa kila moja uzito unaoistahili.

Mzizi na kauli

Maneno mengi ya Kiebrania hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu. Kutokana na m-l-k hupatikana melekh, mfalme, malka, malkia, mamlakha, ufalme, na himlikh, alimtawaza. Msomaji wa Kiswahili hakosi kuzitambua sauti hizo, kwa kuwa maneno malkia, milki na mamlaka yaliingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu, na mzizi wake ni huohuo wa Kisemiti.

Kitenzi huchukua kauli kuu saba, ambazo kazi zake zinafanana kwa kiasi na mnyambuliko wa Kiswahili: kutenda, kutendwa, kutendesha, kujitendea. Katika mzizi l-m-d, lamad ni alijifunza na limmed ni alifundisha. Masimulizi nayo yana umbo lake maalumu, wayyiqtol, linalosukuma tukio moja baada ya jingine, kazi ambayo Kiswahili hukiachia kiambishi -ka-. Ndiyo maana tafsiri za Kiswahili za Mwanzo na Samweli zimejaa vitenzi vinavyoanza kwa aka- na waka-.

Irabu zilizochelewa kuandikwa

Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, zote konsonanti, na huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Waandishi wa kale walitumia herufi chache, kama vile h, w na y, kudokeza baadhi ya irabu ndefu, lakini irabu nyingi ziliachwa bila alama. Aliyeizungumza lugha hiyo alizijaza mwenyewe kwa kufuata muktadha na mapokeo ya kusoma kwa sauti.

Athari yake huonekana katika Mwanzo 47:31, Yakobo anapoinama katika uzee wake. Konsonanti m-ṭ-h zikisomwa mitta maana yake ni kitanda. Zikisomwa matte ni fimbo. Mapokeo ya Kiyahudi yalisoma kitanda. Wafasiri wa Kigiriki, walioianza kazi ya Septuaginta katika karne ya 3 KK, walisoma fimbo, na Waraka kwa Waebrania 11:21 ukawafuata. Katika konsonanti za neno hilo hakuna hata moja iliyobadilika.

Mfumo kamili wa alama za irabu uliwekwa na Wamasora, wataalamu wa Kiyahudi waliofanya kazi kati ya karne ya 7 na ya 10 BK, hasa mjini Tiberia huko Galilaya. Kwa kuheshimu maandishi waliyopokea, hawakuzigusa konsonanti. Walitia nukta na vistari chini, juu na ndani ya herufi. Waliongeza pia alama za mkazo na za kughani, na pembeni wakaandika tanbihi za kuzuia makosa ya kunakili. Herufi moja ya lamed iliyowekwa pembeni humwonya mnakili kwamba umbo la neno hilo halipatikani mahali pengine, hivyo asilirekebishe kwa kudhani ni kosa.

Pale ambapo mapokeo ya kusoma yalitofautiana na maandishi, vyote viwili vilihifadhiwa: kilichoandikwa huitwa ketivu na kinachosomwa huitwa kere. Mfano mashuhuri ni jina la Mungu lenye herufi nne, YHWH, ambalo Wayahudi huliheshimu kwa kusoma Adonai, yaani Bwana, mahali pake. Jina Yehova lilitokana na kusoma konsonanti za jina la kwanza kwa irabu za neno la pili. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, neno BWANA lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu linafuata usomaji huo wa Kiyahudi.

Hati na ushahidi wake

Hati kamili ya zamani zaidi ya Biblia nzima ya Kiebrania ni Kodeksi ya Leningrad, iliyoandikwa Kairo yapata mwaka 1008 na kuhifadhiwa St. Petersburg. Kodeksi ya Aleppo, ya yapata mwaka 930, ni ya zamani zaidi na inasifiwa kwa usahihi wake, ila ilipoteza kurasa nyingi baada ya ghasia za mwaka 1947.

Mwaka huohuo wa 1947 dunia ilianza kupata habari za magombo ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Hadi 1956, mapango 11 yalikuwa yametoa mabaki ya mamia ya hati. Gombo kuu la Isaya, lenye urefu wa zaidi ya mita 7, liliitangulia Kodeksi ya Leningrad kwa zaidi ya miaka 1,000. Tahajia yake inatofautiana mara nyingi na ile ya Wamasora, lakini kitabu kinatambulika kuwa kilekile kutoka sura ya kwanza hadi ya 66.

Mahali pengine tofauti ni kubwa zaidi. Katika maandishi ya Wamasora, Goliathi ana urefu wa dhiraa sita na shubiri, karibu mita 3. Gombo la Samweli kutoka pango la 4, pamoja na hati muhimu za Kigiriki, humpa dhiraa nne na shubiri, yapata mita 2.

Zaburi ya 145 inahitaji tahadhari zaidi. Aya zake hufuata mpangilio wa alfabeti, lakini katika maandishi ya kawaida ya Wamasora aya ya herufi nun haipo. Gombo la Zaburi kutoka pango la 11 linayo, na Septuaginta pia. Huenda ilidondoka wakati wa kunakili. Huenda pia mtu aliitunga baadaye ili kuziba pengo. Gombo hilohilo lina kiitikio baada ya kila aya, kitu ambacho hakimo katika mapokeo mengine. Kwa hiyo umri wa hati peke yake hauamui. Mtafiti huuliza ni usomaji upi unaoweza kueleza jinsi mwingine ulivyozaliwa.

Vifaa na mpangilio wa masomo

Toleo linalotumiwa zaidi vyuoni ni Biblia Hebraica Stuttgartensia, lililokamilika mwaka 1977. Linachapisha maandishi ya Kodeksi ya Leningrad, na chini ya kila ukurasa linaorodhesha tofauti za hati na tafsiri za kale. Kamusi ya Brown, Driver na Briggs, iliyotoka mwaka 1906 kwa kutegemea kazi ya Wilhelm Gesenius, imepangwa kwa mizizi. Anayeitumia hulazimika kuchambua umbo la neno kabla ya kulitafuta.

Kwa kawaida mwanafunzi huanza kwa kusoma herufi na irabu kwa sauti, kisha kauli za kitenzi, kisha masimulizi mepesi kama Ruthu, Yona na habari za Yusufu katika Mwanzo. Ushairi wa Zaburi na Isaya hufuata, kwa sababu sentensi zake ni fupi na mpangilio wa maneno ni huru. Ayubu huachwa mwisho. Kitabu hicho kina maneno mengi adimu, na kuyaelewa huhitaji msaada wa lugha ndugu: Kiarabu, Kiaramu, na Kiugariti, ambacho mabamba yake yalianza kufukuliwa mwaka 1929 katika pwani ya Syria. Afikaye hapo anazihitaji stadi zote za sura hii kwa pamoja: kuutafuta mzizi, kuzipima irabu za Wamasora, na kulinganisha hati kabla ya kuamua maana.