Wakili wa Binti Asiyemfahamu

Ikiwa unaye binti wa miaka 15 pale Kagongwa, wilayani Kahama, yamkini hujapata kulisikia jina la wakili Jebra Kambole. Hata hivyo, binti yako amekwisha kusemewa naye mahakamani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtaka mvulana atimize miaka 18 ndipo aoe. Msichana aliweza kuozwa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, au 14 kwa ruhusa ya mahakama. Nasi wa Mkoa wa Shinyanga twajua jinsi ng'ombe wa mahari wanavyoweza kumsahaulisha mzazi umri wa mwanawe.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alimshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika Mahakama Kuu, Kambole akiwa wakili wake. Shauri la kikatiba halina kisu wala shahidi aliyeona damu. Wakili huziweka Katiba na sheria ubavu kwa ubavu, kisha huwaonyesha majaji watatu mahali zinapogongana. Hapa ziligongana kwenye usawa wa binadamu. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha.

Wazazi wengi hudhani kazi hii ni ya ulimi mwepesi. Sivyo. Kijana husomea shahada ya sheria, hupata mafunzo ya vitendo, ndipo huapishwa na Jaji Mkuu; baada ya hapo ni kusoma usiku kucha, na mara nyingi mteja hana fedha za kutosha.

Serikali haikurekebisha, ilikata rufani. Katika Mahakama ya Rufani mashahidi hawaitwi upya. Majaji husoma kumbukumbu za shauri na sababu za rufani, na hoja iliyosahauliwa chini ni shida kuiokoa juu. Mila na dini zikatajwa, pamoja na dai kwamba vifungu vile vilimlinda msichana. Tarehe 23 Oktoba 2019 rufani hiyo ilitupwa.

Shauri lilichukua zaidi ya miaka mitatu. Msichana aliyekuwa na miaka 14 lilipofunguliwa, siku ile alikuwa na 17.