Siku Moja Pisa: Anza na Udongo

Kutoka Florence hadi Pisa ni mwendo wa kama saa moja kwa treni ya kawaida, na nauli yake mwanafunzi anaimudu. Ndiyo maana wengi wanaosoma katika vyuo vya Toscana, wenyeji na wageni, huutengea mji huu siku moja ya mapumziko. Siku yenyewe huenda hivi: wanashuka kwenye treni, wanakimbilia uwanja wa kanisa kuu, mmoja ananyoosha mikono hewani kana kwamba anauzuia mnara ulioinama usianguke, mwenzake anapiga picha, kisha wanatafuta chakula na kurudi walikotoka. Wapo wanaohitimisha kwamba Pisa haistahili zaidi ya saa mbili. Naona wanakosea, na kosa lao ni kutazama juu kabla ya kutazama chini. Habari ya mnara ule iko kwenye udongo. Ukianzia hapo, unagundua jambo ambalo picha ile inalificha kabisa: jengo hili limesimama kwa sababu lilicheleweshwa, na likaokolewa na watu waliokubali kwenda taratibu.

Pisa imejengwa kwenye tambarare iliyoletwa na mito. Arno unapita katikati ya mji hadi leo, na mashapo yameisukuma pwani karne baada ya karne, hata mji uliotamba baharini katika karne ya 11 na ya 12 leo uko kilomita kama 10 kutoka ufukweni. Chini ya uwanja wa kanisa kuu pana matabaka ya mchanga na tope, na chini yake udongo wa mfinyanzi, laini, uliojaa maji. Juu ya ardhi hiyo, mwaka 1173, mafundi walianza kujenga mnara wa kengele wenye msingi wa kina cha mita 3 hivi tu. Mnara uliokamilika una urefu wa mita 56 na uzito wa tani zipatazo 14,500. Ila haukukamilika upesi. Walipofika ghorofa ya tatu, yapata mwaka 1178, kazi ilisimama, ikalala karibu miaka 100. Giovanni di Simone aliifufua mwaka 1272. Mwaka 1284 ikakatika tena, mwaka ambao Pisa ilishindwa vibaya na Genoa katika vita vya majini vya Meloria. Chumba cha kengele kilimalizika karibu mwaka 1372. Sasa, udongo wa mfinyanzi ukikandamizwa hutoa maji yake polepole mno, na kadiri yanavyotoka ndivyo unavyoshikamana na kupata nguvu. Wataalamu wa udongo waliouchunguza mnara huu wanaeleza kwamba kama ungejengwa mfululizo, ardhi ingeshindwa nao ungeanguka kabla haujaisha. Miaka ile ya kusimama, ambayo kwa watu wa Pisa ilikuwa ya misukosuko na hasara, ndiyo iliyoipa ardhi nafasi ya kujikaza.

Mtu anaweza kusema: hizo ni sifa za bure kwa kosa la fundi mmoja asiyejua kazi. Jibu liko mtaani. Karibu na mto, mnara wa kanisa la San Nicola nao umeinama. Mashariki ya mji, ule wa San Michele degli Scalzi umeinama pia. Hata nyumba ya ubatizo iliyo katika uwanja mmoja na mnara maarufu imelala kidogo. Fundi mmoja hakuyafanya yote hayo. Tena waliokuja baada yake waliona tatizo na wakapambana nalo: walijaribu kuzinyoosha ghorofa za juu ili kurudisha uwiano, na ndiyo maana ukiutazama mnara kutoka mashariki au magharibi utaona umepinda kidogo kama ndizi. Upindo ule ni kumbukumbu ya mabishano ya karibu miaka 200 kati ya mafundi na ardhi, na unasomeka kwa macho matupu.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya ukarabati, na hiyo haisimuliwi kwa wanafunzi inavyostahili. Mwaka 1838 msanifu Alessandro Gherardesca alichimba njia kuuzunguka mnara ili watu waione sehemu ya chini iliyozama. Maji yalifurika na mnara ukainama zaidi. Mwaka 1934, chini ya utawala wa Mussolini, msingi ulitobolewa matundu na kushindiliwa saruji, ukainama tena. Mwaka 1989 mnara wa mji wa Pavia, ambao haukuwa umeinama hivyo, ulianguka ghafla na kuua watu wanne. Serikali ikashtuka. Januari 1990 mnara wa Pisa ulifungwa na kamati ya wataalamu ikaundwa, ikiongozwa na Michele Jamiolkowski. Walianza kwa kupanga mamia ya tani za madini ya risasi upande wa kaskazini, kinyume na mwinamo. Mwaka 1995 walijaribu kuigandisha ardhi kwa baridi ili wafunge nyaya za kuushikilia, na mnara ukaanza kusogea kusini. Wakalazimika kuongeza risasi haraka. Hatimaye walichagua njia ya kunyenyekea: kuchomoa udongo kidogo kidogo kutoka chini ya upande wa kaskazini kwa mabomba ya kuchimbia, siku kwa siku, huku wakipima. Kilele kilirudi nyuma karibu nusu mita, mwinamo ukapungua kutoka nyuzi 5.5 hadi kama nyuzi 4, na Desemba 2001 watu wakaruhusiwa kupanda tena. Waliotangulia walikuwa wameulazimisha msingi. Hawa waliishughulikia ardhi.

Pingamizi kubwa ni muda: kama una siku moja tu, kwa nini usibaki Florence kwenye hazina nyingi zaidi? Kwa sababu Florence kwa siku moja ni kukimbizana na foleni, ilhali Pisa inaenea ndani ya siku. Kutoka stesheni ya Pisa Centrale hadi uwanjani ni nusu saa kwa miguu, ukivuka Arno na kupita jirani na Piazza dei Cavalieri, kilipo chuo cha Scuola Normale. Pingamizi jingine, kwamba somo la udongo ni la wahandisi peke yao, linaanguka pale Camposanto, makaburi ya kale kando ya kanisa kuu. Humo hata asiye mhandisi ana la kujifunza: mna sanamu ya Fibonacci, kijana wa Pisa aliyejifunza hesabu kwa tarakimu za Kihindi na Kiarabu kule Bugia, katika Algeria ya leo, akaandika kitabu chake mwaka 1202. Ulaya ilijifunza mengi ya tarakimu hizo kwa mkono wake. Mwanafunzi wa Kiafrika ana haki ya kusimama hapo bila haraka. Kuhusu Galileo, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1564, usirudie tu kisa cha kudondosha mipira kutoka mnarani: kilisimuliwa na mwanafunzi wake Viviani, na wanahistoria wengi wanakitilia shaka.

Picha haina ubaya, mradi ije mwisho. Kwa hiyo, mwanafunzi, usishukie San Rossore, kituo kilicho karibu na mnara. Shukia Pisa Centrale utembee, ukihesabu minara iliyoinama njiani. Tiketi ya kupanda ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi, nawe unaweza kuiacha bila majuto. Nenda upande wa kaskazini wa mnara, usimame pale ulipochomolewa ule udongo. Kutazama hapo hakulipiwi.