Rekodi zako kwenye kanda: jinsi faili nyingi zinavyonakiliwa bila kupotea

Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilirithi rekodi za mabaraza ya zamani, yakiwemo ya Embu, Mbeere, Meru na Nyambene. Mkazi wa Runyenjes aliyelipa ada za ardhi kabla ya hapo bado anategemea rekodi hiyo leo. Ikipotea, ni yeye atakayeambiwa alete stakabadhi ya miaka mingi iliyopita.

Njia mojawapo ambayo taasisi kubwa hutumia kuhifadhi nakala za akiba ni kanda ya sumaku. Makala haya yanaeleza kwa nini kanda bado zinatumika, jinsi zinavyonakiliwa, na unachoweza kudai kama mkazi.

Kwa nini kanda?

Kanda ikitolewa kwenye mashine na kufungiwa kabatini, haina mawasiliano na mtandao. Mhalifu anayefunga faili za seva na kudai fidia hawezi kuifikia. Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, Google ilizirejesha kutoka kwenye kanda.

Tena kanda hubeba data nyingi kwa gharama ndogo. Kanda moja ya aina ya LTO-9 hubeba terabaiti 18, na kanda iliyotunzwa mahali pakavu na penye baridi ya wastani inaweza kudumu hadi miaka 30.

Tatizo ni mashine. Mashine ya LTO-8, kwa mfano, husoma kanda za LTO-7 na LTO-8 pekee. Kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa ni lazima data ihamishwe kutoka kanda kuukuu hadi kanda mpya, na hapo ndipo rekodi zinaweza kupotea.

Kunakili hufanywaje?

Kanda haina folda kama simu au kompyuta yako. Faili hufuatana kama mabehewa ya treni, na kati ya faili moja na nyingine kuna alama ya mwisho wa faili. Kwenye kompyuta za Linux, kazi hii hufanywa kwa kuandika amri mbili: mt, inayosogeza kanda, na dd, inayonakili.

Tuchukue mfano wa kanda yenye faili saba: ada za ardhi, leseni za biashara, na nyingine tano. Kanda kuukuu iko kwenye mashine ya kwanza, tupu iko kwenye ya pili.

1. Funga kitufe cha kuzuia kuandika kwenye kanda kuukuu. Mtu akikosea na kubadilisha chanzo na mwisho, kanda tupu haitaandikwa juu ya rekodi.

2. Rudisha kanda zote mbili mwanzo:
mt -f /dev/nst0 rewind
mt -f /dev/nst1 rewind

3. Nakili faili ya kwanza:
dd if=/dev/nst0 of=/dev/nst1 bs=256k

4. Rudia amri ya tatu bila kugusa kanda. dd husimama kila inapofika kwenye alama, na kwenye kanda mpya alama huwekwa yenyewe. Amri ya pili hunakili faili ya pili, na kuendelea hadi ya saba.

Namba ya bs isiwe ndogo kuliko vipande vilivyotumika kuandika kanda ya kwanza. Ikiwa ndogo, usomaji hukataa.

Herufi moja, faili sita

Herufi n kwenye jina nst0 ina maana kwamba kanda isirudi mwanzo baada ya kila amri. Mfanyakazi akiandika st0 na st1, kanda zote mbili hurudi mwanzo kila mara. Atanakili faili ya kwanza mara saba, kila mara juu ya ile iliyotangulia. Kompyuta haitalalamika hata kidogo. Kanda kuukuu ikitupwa kwa kuaminiwa kwamba kazi imekwisha, faili sita zimekwenda nayo.

Ndiyo maana kazi haiishii kwenye kunakili. Kila faili husomwa upya kutoka kanda zote mbili na kupitishwa kwenye programu ya sha256sum, inayotoa namba ndefu ya utambulisho. Namba zikilingana kwa faili zote saba, nakala ni sahihi. Kanda kuukuu haitupwi kabla ya hapo.

Nakala moja haitoshi

Mahakama ya Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, ilichomwa Juni 25, 2025 na rekodi zikateketea. Nakala iliyo katika jengo lilelile huungua pamoja na asili yake. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kama seva iko Embu mjini, kanda moja inaweza kukaa Siakago.

Haki yako

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inazitaka taasisi za umma kutunza rekodi zao vyema. Unaweza kuomba rekodi kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisa anapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, maarufu kama Ombudsman. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa.

Ukienda afisi yoyote ya umma ukaambiwa rekodi yako "ilipotea kwenye mashine", uliza maswali matatu: Nakala ya akiba iko wapi? Ilikaguliwa mara ya mwisho lini? Na je, kuna mtu aliyewahi kujaribu kuirejesha? Wewe pia hifadhi stakabadhi zako, na uzipige picha.