Virutubisho Nyongeza kwa Mchezaji wa Mpira wa Miguu: Yatafakari Haya Kabla ya Kununua

Mchezaji wa mpira wa miguu hutumia nguvu nyingi, na kwa sababu hiyo huletewa poda, vidonge na vinywaji vyenye ahadi kubwa. Kabla hujatoa fedha zako, tunakushauri uanzie jikoni.

Nguvu ya kukimbia dakika 90 hutokana hasa na wanga: ugali, wali, viazi vitamu na ndizi. Mlo huo uliwe kiasi cha saa tatu hadi nne kabla ya mchezo kuanza, wala usiwe na mafuta mengi, kwani huchelewa kusagika. Kuhusu protini, anayefanya mazoezi makali huhitaji takriban gramu 1.6 hadi 2.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Maharage, dagaa, mayai na maziwa vyaweza kutosheleza. Kipimo cha poda chenye gramu 24 za protini ni sawa na mayai manne hivi; linganisha bei zake.

Kafeini na kreatini zimeonekana kuwasaidia baadhi ya wachezaji watu wazima, lakini hatuwashauri wazazi kuwanunulia watoto. Vidonge vya madini ya chuma navyo visitumiwe bila kipimo cha damu, maana chuma kikizidi hudhuru ini.

Ipo hatari nyingine. Baadhi ya bidhaa huwa na viambato visivyotajwa kwenye lebo, vikiwemo vilivyopigwa marufuku michezoni. Kwa mujibu wa kanuni, mchezaji huwajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Mwaka 2011 beki Kolo Touré wa Manchester City alifungiwa miezi 6 baada ya kumeza vidonge vya mkewe vya kupunguza uzito.

Ukiona bado unahitaji bidhaa hizi:

1. Muone kwanza daktari au mtaalamu wa lishe.
2. Soma jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi.
3. Usinunue poda iliyofunguliwa na kupimwa upya katika mifuko.
4. Chagua bidhaa iliyopimwa na maabara huru, ukijua kwamba hata hiyo haiondoi hatari yote.
5. Dai risiti na utunze kopo. Hivyo ndivyo vielelezo vyako iwapo utadhurika na kutaka kulalamika.