Hela Ikipotea ni Yako

Tunduma hailali mapema. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, mengine yakielekea Lusaka na mengine migodi ya Kongo, huleta madereva wanaotaka chakula, vocha na kwacha hata baada ya giza kuingia. Tangu Kituo cha Pamoja cha Forodha kizinduliwe Oktoba 2019 na marais wa wakati huo, John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, mji umezidi kuzoea biashara ya usiku. Kwa wakala wa fedha za simu, hizo ndizo saa za kamisheni nono. Ndizo pia saa ambazo droo imejaa noti na barabara imeanza kupungua watu.

Kijana anayekaa kibandani mara nyingi si mwenye biashara. Ameajiriwa kwa mdomo, pengine na shangazi au na mtu wa kwao. Hakuna aliyemweleza afanye nini mtu akitokea na panga. Alichoambiwa siku ya kwanza, wakati anakabidhiwa simu ya kazi na floti, ni maneno machache tu: hela ikipotea ni yako.

Maneno hayo ndiyo sera ya usalama kazini katika sehemu kubwa ya biashara ya rejareja Tanzania. Hayamwamuru muuzaji apigane na jambazi. Yanachofanya ni kumtajia bei ya kutopigana.

Bei yenyewe si ndogo. Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, droo ya shilingi milioni moja ni zaidi ya mshahara wa nusu mwaka. Anayeshangaa kwa nini kijana aling'ang'ania mkoba wakati ameonyeshwa bunduki aanzie kwenye hesabu hiyo kabla hajamwita shujaa au mjinga.

Sheria haiko upande wa bosi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Hata hapo, mfanyakazi lazima apewe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu ya deni, apate nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Fedha iliyoporwa kwa mtutu si shoti ya uzembe. Na hata ingekuwa uzembe, robo ya 150,000 ni 37,500, kwa hiyo milioni ile ingemalizika kulipwa baada ya miezi 27. Mabosi wengi hawana subira hiyo. Humtaka kijana aiombe kwa ndugu zake.

Ukiacha swali la nani alipe, lipo la kujitetea, na hapa Kanuni ya Adhabu ni wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 18A kinampa kila mtu haki ya kujilinda yeye na mwenzake, na pia kulinda mali yake au mali aliyokabidhiwa kuitunza. Muuza duka yumo humo: bidhaa si zake, lakini ziko chini ya uangalizi wake. Kifungu cha 18B kinaweka mpaka. Nguvu itumike kwa kiasi kinachohitajika, na anayeua kwa kuzidisha nguvu wakati wa kujilinda ana hatia ya kuua bila kukusudia. Nondo iliyowekwa chini ya kaunta inaweza kuwa kinga halali mwizi anapovuka dirisha na ikawa kosa la jinai dakika mbili baadaye, akiwa ameshaanguka.

Dakika hizo mbili ndizo tatizo la nchi nzima. Ukelele wa "mwizi!" haumwiti polisi kwanza, unawaita watu wa stendi, wa bodaboda na wa gengeni. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiorodhesha mauaji ya kundi mwaka baada ya mwaka, na kwenye taarifa za polisi wauaji hubaki kuitwa "wananchi wenye hasira kali". Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Wauza duka wangapi wameelezwa nusu hiyo ya pili na waajiri wao?

Huko Marekani mambo yamegeuka kichwa chini. Januari 2011, katika duka la Walmart mjini Layton, jimbo la Utah, mtu aliyeshukiwa kuiba kompyuta ndogo alitoa bastola ndani ya ofisi. Wafanyakazi walimnyang'anya. Baadaye kampuni iliwafukuza kazi, kwa kuwa mwongozo wake uliwataka wajiondoe pindi silaha inapoonekana. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Utah, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba haki ya kujilinda ina uzito wa kumzuia mwajiri asimfukuze mtu, lakini pale tu mfanyakazi alipokuwa hana njia ya kukimbia na hatari ya kuumizwa vibaya iko mbele yake. Mwaka 2023 kampuni ya mavazi ya Lululemon nayo iliwafukuza wafanyakazi wawili wa jimbo la Georgia waliokabiliana na waporaji, na mkurugenzi wake alitetea uamuzi huo hadharani.

Kampuni hizo zinaogopa fidia za mahakamani kuliko rafu tupu. Mwenye duka Tunduma hana hofu hiyo, ndiyo maana huku anayeadhibiwa ni yule aliyeinua mikono juu.

Hata hivyo, anayepigana naye hayuko salama kazini. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataja kumshambulia mteja miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kufukuzwa. Kanuni hizohizo zinamtaka mwajiri athibitishe kwamba sheria ya kazini ilikuwepo, inaeleweka, na mfanyakazi aliijua. Mwajiri ambaye hajawahi kuandika chochote atakuwa na kazi ngumu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Ukipanda hadi kata kama Ibaba, wilayani Ileje, picha inabadilika. Muuza duka ni mtoto wa jirani, wateja wanajulikana kwa ukoo, na madeni yako kwenye daftari. Fedha nyingi huonekana mavuno yanapouzwa. Ulinzi wa kwanza ni watu wa kitongoji na sungusungu, waliotambuliwa kisheria mwaka 1989. Gari la polisi huja baadaye. Kijana anayemjua mwizi kwa jina hupigana kidogo na kusema sana kesho yake, na faida ya ujirani huo haipatikani mpakani ambako mteja wa usiku anaweza kuwa nchi nyingine alfajiri.

Akiumia, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Ulianza kazi mwaka 2015, haumdai majeruhi athibitishe uzembe wa mwajiri, na aliyelazimika kukaa nje ya kazi hulipwa asilimia 70 ya kipato chake. Lakini mfuko unaendeshwa kwa michango ya waajiri, na kijana asiye na mkataba wala jina kwenye orodha ya mishahara huanza kwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliajiriwa. Kampuni ya simu itasema mkataba wake ni na wakala, na wakala atasema yule ni mdogo wake anayemsaidia.

Wenye biashara makini hawasubiri mahakama. Hupeleka noti benki au kwa wakala mkuu mchana, wakabaki na floti kwenye simu, kwa sababu fedha iliyotumwa huacha alama kwenye laini ambayo, tangu muda wa mwisho wa usajili kwa alama za vidole upite Januari 2020, ina jina la mtu. Hufunga kabla barabara haijaanza kupungua watu. Wachache humwandikia kijana karatasi ya nusu ukurasa: ukitishiwa kwa silaha toa hela, kumbuka sura, piga simu, na hutakatwa. Karatasi hiyo haigharimu hata bei ya vocha, lakini inamtaka bosi akubali kubeba hasara yeye mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama.