MAUMIVU YA MUUNDI: NI UOGA AU NI ONYO?

Bila shaka umewahi kumwona mwanariadha wa shule akichechemea baada ya mazoezi, huku wenzake wakimcheka: "Wacha uoga! Unakwepa mbio tu." Hata mimi nilikuwa mmoja wa wachekaji hao. Leo nimeshika kalamu niwaeleze kwa nini niliacha kucheka.

Nilipochaguliwa katika timu ya mbio za nyika, furaha yangu haikuwa na kifani. Mimi hutembea kilomita nne kila asubuhi kuja shuleni, na nne jioni kurudi nyumbani. Juu ya hizo nikaongeza mbio za kila jioni bila siku hata moja ya kupumzika, tena kwa raba zilizolika soli. Wiki ya tatu muundi ukaanza kuniuma. Nikanyamaza kwa kuogopa kutolewa kwenye timu. Kumbe mficha uchi hazai! Mwisho nilishindwa hata kupanda ngazi za darasani, na mwalimu wa michezo akaniamuru niende kituo cha afya.

Daktari aliupapasa mguu wangu polepole, akaniuliza ninapoumia. Nilimwonyesha ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, sehemu ndefu kama kiganja. Akanieleza kwamba misuli ya mguu imeshikamana na mfupa pale. Mtu akikimbia kupita kiasi, sehemu hiyo huvutwa na kugongwa kila siku kabla haijapona ya jana. Mwili hujijenga wakati wa kupumzika. Asiyepumzika hubomoa tu. Lakini, akasema, maumivu yakiwa mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, na yakiuma hata ukiwa umelala, huenda mfupa wenyewe umeanza kupata ufa. Hapo usikimbie tena mpaka upimwe.

Kuna pia kano nene linalounganisha shavu la mguu na kisigino. Ndilo kano kubwa kuliko yote mwilini. Limepewa jina la Achilles, shujaa wa hadithi za Wagiriki ambaye hakuweza kuumizwa popote ila kisiginoni, kama vile Fumo Liyongo wetu alivyokuwa na siri yake kitovuni. Ukiamka asubuhi kano hilo likawa gumu na kuuma unapokanyaga sakafu, jua limechoshwa.

Hayo yote ni maumivu ya kutumia mguu kupita kiasi. Dawa yake ni kupumzika, barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hivi, na kurudi mazoezini haba na haba. Mimi nilikaa nje wiki sita. Nilikosa mashindano, lakini leo nakimbia.

Binamu yangu hakuwa na bahati hiyo, na hapa ndipo nawaomba msome kwa makini.

Misuli iliyo chini ya goti imegawanywa katika vyumba vinne, na kila chumba kimezungukwa na utando mgumu usiotanuka sana. Fikiria gunia lililojaa mahindi hadi shingoni. Ukilazimisha debe jingine, mahindi yatabanana tu. Vivyo hivyo mguu ukipigwa sana au mfupa ukivunjika, damu na uvimbe hujaa ndani ya chumba. Shinikizo hupanda, damu mpya hushindwa kupita, na misuli hukosa hewa safi. Baada ya saa sita hivi misuli huanza kufa, na ikifa hairudi.

Likizo ya Agosti binamu yangu alipigwa teke la muundi tukicheza kandanda. Mimi ndiye niliyemchua kwa mafuta ya moto. Mimi ndiye niliyemfunga kwa kipande cha leso, nikakaza kweli kweli, nikidhani namsaidia. Usiku alilia. Nikamwambia, "Vumilia, mwanamume halii." Alisema vidole vinamfa ganzi, nikamwambia alale. Asubuhi mguu ulikuwa mgumu kama ubao, na nyanya akapiga kelele tumpeleke hospitali. Madaktari walimpasua ule utando ili misuli ipate nafasi. Mguu haukukatwa, tunamshukuru Mungu, lakini hadi leo hawezi kuuinua wayo vizuri. Akitembea, vidole vinaburura chini.

Basi wenzangu, shikeni dalili hizi. Kwanza, maumivu makali kuliko jeraha lenyewe, yanayozidi badala ya kupungua. Pili, maumivu makali mtu mwingine akikukunja vidole vya mguu taratibu. Tatu, mguu kuwa mgumu na kung'aa kwa kuvimba. Nne, ganzi au hisia ya kuchomwachomwa na sindano. Ukiziona, fungua kila kilichokaza, usichue, usiuinue mguu juu sana, kimbilia hospitali usiku huo huo. Usingoje kuche. Hata aliyewekwa plasta akilalamika hivyo, mrudisheni upesi.

Kuna pia wanaobanwa polepole: kila wakikimbia kwa muda fulani shavu la mguu au muundi hukaza na kuuma, wakisimama dakika chache yanaisha. Huyo asikimbizwe kwa nguvu. Naye amwone daktari.

Binamu yangu hajanilaumu hata siku moja. Lakini kila nikimwona akivuka uwanja, namsikia tena akilia usiku ule. Kwa hivyo mwenzako akisema mguu unamuuma, usimwite mwoga. Muulize unamuuma wapi na tangu lini. Naweka kalamu chini.